Nyumba Isiyokula Kuku

Swali bora kuliko yote niliyoulizwa katika kazi yangu niliulizwa siku ya kwanza, kabla hata sijapewa kiti. Aliyeniuliza alikuwa muuguzi Assumani, mtu wa Kasongo, mrefu, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Alinikuta nyuma ya hospitali ya Kindu nikifungua sanduku la vyombo vyangu, akasimama pembeni akitazama.

"Mama Dokta, wanasema umekuja kutafuta ugonjwa wa macho wa kurizi, wa kutoka kwa wazazi."

"Njo hivyo."

"Dawa yake iko?"

"Hakuna. Hata Ulaya hakuna."

"Aka! Sasa ukiupata, utaufanya nini?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi, kichwa kimejaa, nikamjibu kwa Kifaransa, jambo tulilozoea kufanya sisi wasomi tukikosa jibu. Assumani akaitikia kwa adabu, akanibebea sanduku. Tangu siku ile nimekuwa nikilijibu swali lake, na haya ninayowaandikia ninyi vijana mliobaki na vyombo vyangu ni jibu mojawapo. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo mnavijua, na habari ya mishahara yetu ingefanya msomaji acheke mahali ambapo sikutaka acheke.

Nchi ilikuwa imeshaitwa Zaire, na mto pia Zaire, ingawa Kindu watu waliendelea kuuita Lualaba bila kumwomba mtu ruhusa. Majina ya ubatizo yalikatazwa. Kila mtu aliambiwa atafute jina la wahenga wake, na wengi walinung'unika kwa sauti ndogo, maana sauti kubwa ilikuwa na wenyewe. Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Mtu aliyekuwa Joseph mwaka jana sasa alikuwa na jina la babu yake, na ukimuuliza babu huyo alikuwa nani, alikupa ukoo mzima na maugomvi yake yote. Mtafiti wa urithi angetaka nini zaidi?

Ugonjwa niliokuwa nautafuta unakula retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Unaanza na jioni. Jua likizama, mwenzako anaona njia, wewe huoni. Halafu unakula pembeni, pole pole, mpaka mtu anabaki na tundu dogo la kuonea mbele, kama anayechungulia ndani ya mwanzi. Anaweza kukusomea herufi ndogo kabisa, na papo hapo akajikwaa kwenye mbuzi. Kindu waliuita macho ya kuku, kwa sababu kuku naye jua likizama haoni kitu, anatafuta banda. Nililipenda jina hilo. Lilieleza ugonjwa vizuri kuliko lile la Kigiriki nililofundishwa, ambalo mpaka leo wanafunzi wanaliandika vibaya.

Vyombo vyangu vilikuwa viwili tu vya maana. Cha kwanza ni taa ya jicho, ile unayoisogeza karibu na mboni mpaka pua zenu zinakaribia kusalimiana, ndipo unaiona retina. Nilikuwa na balbu za akiba chache, na nilizitunza kuliko viatu vyangu. Cha pili ni kitambaa cheusi cha kutundika ukutani, na kifungo cheupe cha shati kilichofungwa kwenye kijiti. Mgonjwa anakazia macho msumari wa katikati, wewe unakileta kifungo kutoka pembeni kidogo kidogo, naye anasema "hapo" anapokiona. Nyinyi mna mashine sasa, hongereni. Umeme ukikatika, kumbukeni kifungo.

Chumba cha giza hatukuwa nacho. Assumani alinitafutia stoo ya zamani ya makaa, tukaziba madirisha kwa mablanketi, na kwa muda mrefu wagonjwa wangu walitoka wakiwa na vumbi jeusi mgongoni. Mjini wakasema yule Mama Dokta anapima macho kwa kukupaka makaa.

Mwalimu wangu wa chuoni, mzee mkali aliyevuta kiko ndani ya chumba cha giza na kutulaumu sisi kwa moshi, alinipa neno moja la kusafiria: "Jicho likikudanganya, uliza ukoo. Ukoo ukikudanganya, rudi kwenye jicho." Nililiona ni neno la kizee. Lakini hakuniambia jinsi ya kuuliza ukoo, na hapo ndipo nilipoanza kuadhirika. Nilikuwa nauliza, "Una ndugu wangapi?" Mtu anahesabu, anahesabu, vidole vinaisha, anaanza upya. Nachora mti wa ukoo, nakuta mama mmoja amezaa kijiji. Assumani alivumilia siku kadhaa, mwisho akanivuta kando.

"Mama Dokta, ukisema ndugu, hata mimi niko ndani. Uliza hivi: tumbo moja, baba mumoja?"

Kuanzia hapo nikauliza hivyo. Miti yangu ikapungua matawi, ikaanza kufanana na ukweli.

Sasa nifike kwa Kabeya. Alikuwa kijana wa kugeuza reli pale stesheni, anayesimama kati ya mabehewa na kuyafunga pamoja. Jioni moja alikosea hatua, akaanguka, behewa likapita na kiatu chake. Mguu ulisalimika kwa neema ya Mungu. Aliletwa kwetu kufungwa jeraha, na Assumani, ambaye masikio yake hayakuwa likizoni hata siku moja, akamsikia akilalamika: "Nguzo ilikuwa hapa asubuhi, jioni nani aliihamisha?" Akamleta moja kwa moja stoo ya makaa.

Nilimtia dawa ya kutanua mboni, nikasubiri, nikasogeza taa. Vijana, siwezi kuwaficha: moyo uliruka kwa furaha, na papo hapo nikaona aibu kwa furaha hiyo. Retina ilikuwa na madoa meusi yaliyotawanyika pembeni, yenye vijiguu kama buibui, na mishipa ya damu imekonda. Ilikuwa ile ile ya kitabuni, sasa iko mbele yangu inapumua na kunuka mafuta ya treni. Kwenye kitambaa cheusi, kifungo kilifika karibu na msumari kabisa ndipo akasema "hapo". Nikamwambia alete jamaa zake wote wa tumbo moja.

Alikuja mdogo wake Ilunga, naye alikuwa na madoa yale yale, machache zaidi. Alikuja dada yao Ngalula, macho safi. Akaja baba yao Mutombo, mashinisti, yaani dereva wa treni, mtu wa Kasai, kofia kichwani hata ndani ya stoo. Macho safi. Mwisho akaja mama yao, tuliyemwita Mama Kabeya kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, mwanamke wa Pangi, mnyamavu. Macho safi pia.

"Kwenu kuna asiyeona?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Kaka yangu Kikuni, kule Pangi. Tumbo moja, baba mumoja. Haoni hata kidogo."

Nikalichora jina lake kwenye mti wa ukoo. Kuna magonjwa ya damu yanayopitia kwa mama asiye mgonjwa na kuwashika watoto wake wa kiume, mabinti wanapona. Mjomba kipofu, wapwa wawili wa kiume wagonjwa, binti mzima. Mwalimu wangu angeuchora mti huo ubaoni kwa macho yaliyofumbwa.

Shida ni kwamba ukoo wa Mutombo nao walikuwa wameshauchora mti huo huo, ila bila chaki. Walisema: vipofu wako kwa mwanamke, wanaopofuka ni watoto wa mwanamke huyo, basi yeye njo mulozi, mchawi anayewala macho. Dada mkubwa wa Mutombo alikuwa amepanda treni kutoka Kasai kuja kumaliza jambo hilo. Mama Kabeya angerudishwa kwao Pangi, na watoto wangebaki. Mutombo mwenyewe hakutaka, niliona kwa jinsi alivyoishika ile kofia. Lakini hakuwa na la kuwajibu, akaja kulichukua kwangu.

"Dokta, mi nataka neno moja tu. Ile kitu inatoka kwa nani?"

Nilikuwa nalo jibu mdomoni. Jibu la kitabu. Kama ningelitamka, mama yule angefungiwa vitu vyake kesho yake, kwa muhuri wa hospitali. Nikasema sijui bado. Mutombo akaondoka akiwa na hasira, na Assumani akanigeukia.

"Hujui kweli, ama unaogopa?"

"Yote mawili."

Na kweli sikuwa najua. Kwa ugonjwa wa namna ile, mama anayeubeba mara nyingi huwa na alama ndogo kwenye retina yake, na Mama Kabeya hakuwa nayo hata moja. Si mara zote, lakini mara nyingi. Hilo "mara nyingi" liliniwasha. Jicho lilisema kitu kimoja na ukoo ukasema kingine, na mjomba mwenyewe sikuwa nimemwona. Nikaomba ruhusa ya kwenda Pangi.

Siku ile ile nilikuwa stesheni kupokea kifurushi cha dawa, nikamkuta yule dada mkubwa anashuka kwenye treni. Alikuwa Mama Mbuyi, mama wa mapacha, na kwao Kasai mama wa mapacha si mtu wa kuchezea. Alivaa vitenge vipya, shingo imenyooka. Mutombo akanitambulisha kwake, akimwita yaya, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa. Nikasogea ubavuni kwake, nikanyoosha mkono. Hakuupokea. Alitazama mbele, akamwambia kaka yake, "Twende nyumbani mbele ya jua kuzama." Nilibaki na mkono hewani kama mwombaji. Nikasema moyoni, loo, mwanamke ana majivuno huyu! Nikalibeba tusi lile mpaka Pangi.

Njia ya Pangi sitaisimulia. Lori la machimbo lilinifikisha lilipotaka, na baiskeli ikanifikisha ilipoweza.

Mzee Kikuni alikaa karibu na maporomoko ya mto, mahali maji yanakimbia na kupiga kelele mchana kutwa. Nilimkuta anasuka kamba kwa vidole, akaniuliza ni nani kabla sijapiga hodi.

"Miye ni dokta wa macho, natoka Kindu. Nimemwona dada yako."

"Ahaa! Wanasema miye njo nilikula macho ya watoto wake." Akacheka kwa nguvu. "Haki ya Mungu, Mama, hata yangu mwenyewe sikuyatunza!"

Sikuhitaji giza wala dawa ya mboni. Kioo cha mbele cha jicho lake kilikuwa kimeziba cheupe, kama maziwa. Ngozi ya miguu ilikuwa na mabaka ya chui, na kiunoni alikuwa na vinundu vilivyoteleza chini ya kidole. Kuona usiku na kuona mchana vilimtoka pamoja, alisema, baada ya kujikuna miaka na miaka. Kumbe! Huo ulikuwa upofu wa mto, unaoletwa na usubi, vile vidudu vyeusi vinavyozaliwa kwenye maji yanayokimbia na kuuma watu mashambani.

Lakini tayari nilikuwa nimekwisha kuaibishwa na lile neno ndugu, sikutaka kuaibishwa tena. Nikauliza nani mwingine haoni. Wakanipeleka nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na shemeji yake. Kulikuwa na mchimbaji mmoja aliyehamia kutoka Kabambare akaoa pale, asiye na tone la damu ya Kikuni. Kulikuwa na bibi wa ng'ambo ya mto, mzaliwa wa ukoo mwingine kabisa. Wote waliwahi kujikuna, wote walilima karibu na maporomoko. Ndugu za Kikuni wa tumbo moja waliohamia juu, kwenye maji yaliyotulia, waliona vizuri mpaka uzeeni. Upofu ule ulifuata mto, haukufuata damu. Ningeweza kucheza pale pale kwenye matope.

Mke wa Kikuni alichinja kuku kwa ajili ya mgeni. Chakula kilipoletwa, ukatokea mjadala. Firigisi ni haki ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na huyu mgeni ni mwanamke, lakini ni dokta. Vijana wawili wakaanza kubishana. Kikuni akalitafuta bakuli kwa mkono, akaipata firigisi, akanisogezea.

"Mupe yeye. Miye sioni, sitakuwa shahidi."

Nikaila. Alisikiliza ninavyotafuna, akatabasamu, kisha akasema kwa huzuni, "Dada yangu alipenda kuku sana. Toka aolewe hajamwonja nyumbani kwake. Kwa mume wake hawali kuku."

"Hawali kwa nini?"

"Mwiko wao. Sijui."

Nikameza kipande cha mwisho bila kukitafuna. Nyumba ya macho ya kuku haili kuku. Nilirudi Kindu nikirushwarushwa juu ya magunia ya lori, na sikusikia hata maumivu ya mgongo, kwa kuwa kichwani nilikuwa nalizungusha neno hilo moja. Nikamweleza Assumani kabla sijaoga.

"Mwiko hauanzi bure," akasema. "Sisi nguruwe hatuli, na sababu yetu imeandikwa. Wao kuku aliwakosea nini?"

"Labda hakuwakosea. Labda alifanana nao."

Kesho yake mchana nikaenda nyumbani kwa Mutombo, kwenye mtaa wa wafanyakazi wa reli, Kasuku. Mama Kabeya alikuwa jikoni, vitu vyake vimeshafungwa kwenye kitenge kando ya mlango. Barazani Mama Mbuyi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, anatoa vijiwe vidogo kuliko chawa, hakosei hata kimoja. Nikamsalimu, nikakaa mbele yake. Nikamuuliza habari ya kuku.

"Kwetu ni mwiko. Ilitoka kwa nyanya yetu, mama ya baba."

"Alikataza kwa sababu gani?"

"Sababu ni mwiko, Dokta. Mwiko unaulizwa?"

Ngalula alikuja na kikombe cha maji, akakinyoosha kutoka upande wa kulia. Mama Mbuyi akaendelea na mchele. Ngalula akangoja, akainua mabega kama aliyezoea, akazunguka mbele na kunyoosha upya. Shangazi yake akakipokea mara moja, na shukrani juu.

Ule mkono wangu uliobaki hewani stesheni ukanirudia. Nilikuwa nimenyoosha kutoka ubavuni! Mtafiti wa macho ya kuku, mwenye kifungo na kitambaa, nilikuwa nimesimama kando ya macho ya kuku nikayaita majivuno. Nikacheka, ikabidi nikohoe.

"Mama," nikasema, "naomba uje hospitali nitazame macho yako."

"Macho yangu haina kitu. Natunga sindano bila miwani."

"Najua. Njo sababu nakuomba."

Aliacha mchele. Alinitazama kwa lile tundu lake dogo, muda mrefu. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa stoo ya makaa, peke yake.

Madoa yalikuwa yamejaa. Kazi ya ugonjwa wa miaka mingi, ila katikati pamesalimika, na ndiyo sababu ya mchele na sindano. Mutombo, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa safi kabisa. Kuna magonjwa yanayoruka mtu hivyo: yanapita ndani yake bila kubisha hodi, yanakwenda kugonga kwa mtoto wake. Ubaoni nililijua jambo hilo. Sasa nililiona likiwa limevaa kitenge kipya.

"Umeona nini?" akauliza.

"Kile kile cha Kabeya na Ilunga."

Nje Assumani alikuwa anapiga mluzi kwa makusudi, ili tujue hasikilizi.

"Yule nyanya alikuwa anashikwa mukono," akasema mwisho. "Mi nilikuwa mudogo. Aliniambia: weye uko kama mimi. Ingia nyumbani pamoja na kuku jioni, hakuna muntu atauliza. Nikaingia na kuku. Bwana yangu alikufa hajui. Kaka yangu hajui. Bantu banasema niko na kiburi, na mi nikasema heri kiburi." Kisha akauliza, "Utawaambia?"

Enyi vijana, hapa ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu kuliko taa yoyote. Neno lake lingemwokoa yule mama wa jikoni. Lakini macho yalikuwa yake, na siri ya mgonjwa haiwi yangu kwa kuwa inanifaa. Halafu nilikuwa nimeona jinsi lile neno "mulozi" linavyotafuta pa kukaa. Sikutaka kulitoa kichwani kwa mwanamke mmoja nikaliweke kichwani kwa mwingine.

"Sitasema. Nitasema tu kwamba haitoki kwa Mama Kabeya, maana hilo ni kweli."

"Batauliza: basi inatoka wapi?"

"Watauliza."

"Na weye?"

"Nitanyamaza. Watasema Dokta hajui kitu."

Akajifunga kitenge vizuri, akatoka bila kuaga. Assumani aliingia, akasoma uso wangu. "Mficha maradhi kifo humwumbua," akasema. Nikamwambia methali zake asubuhi ile azipeleke msikitini.

Kabeya nilimwambia ukweli wote wa macho yake, kwa sababu hayo yalikuwa yake mwenyewe. Alilia, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: "Yatanibakizia muda wa kujifunza kazi ingine?" Nikasema ndiyo. Alihamia karakana ya treni, kazi ya mchana, akajifunza vyuma kwa vidole wakati macho yangali yanamsaidia. Alipofungwa na giza kabisa, vidole vilikuwa vimeshahitimu. Hilo, Assumani, ni sehemu ya jibu lako.

Baraza la ukoo lilikaa siku ya Jumapili, uani kwa Mutombo, baada ya kila mtu kurudi kutoka kwenye usafi wa lazima na nyimbo za chama. Watu wa Kasai walikuwa upande mmoja. Mama Kabeya alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, kile kifurushi kando yake. Mama Mbuyi alipewa kiti kikubwa cha mbele. Mimi nikasimama nikaeleza habari ya Pangi: usubi, vinundu, yule mchimbaji wa Kabambare, maji yanayokimbia. Nikasema ukoo wa mama huyu hauna ugonjwa wa watoto hawa. Nikasema pia kwamba ugonjwa huu hautumwi na mtu, unarithiwa kama pua na urefu, na anayeurithisha hajui wala hakuchagua.

Mutombo akavua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza kukiona kichwa chake.

"Dokta, sawa. Basi inatoka wapi?"

Nikanyamaza. Manung'uniko yakaanza. Binamu yake mmoja akasimama. "Munaona? Hajui! Wanawake banafichana! Huyu muke arudi kwao, njo neno."

Wengine wakaitikia. Mwingine akasema tusubiri, mwingine akasema tumesubiri vya kutosha, na maneno yakaenda hivyo mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya mabehewa ya stesheni. Niliona mkono wa Mama Kabeya unakaza fundo la kitenge. Neno la kumwokoa nilikuwa nalo, na halikuwa langu. Kuku wa jirani walianza kuingia bandani mmoja mmoja, wanagombana mlangoni.

Mama Mbuyi aliwasikia. Kila siku kwa saa ile alikuwa ameshaingia ndani. Akageuza kichwa kufuata kelele za kuku, na kwa muda mfupi hakuna aliyejua kwa nini anacheka.

"Nyamazeni," akasema.

Binamu akarudi kukaa.

"Munauliza inatoka wapi. Nyanya yetu alikuwa anashikwa mukono, mumesahau? Munafikiri alitukataza kuku bure? Inatoka kwetu. Mi pia sioni. Toka niko mutoto, jua likiingia, sioni."

Mutombo alikaa chini pale pale, kofia mapajani.

Mama Mbuyi akasimama. Uani palikuwa na mwanga wa kutosha kwa sisi wote. Yeye alinyoosha mkono mbele yake, ukaelekea kwenye nguzo ya baraza, mahali pasipokuwa na mtu.

"Mama Kabeya," akaita. "Weye njo unajua kuongoza batoto wako jioni. Nishike mukono nifike ndani."

Mama yule angeweza kukaa kimya, na mimi nisingemlaumu. Akaliacha fundo la kitenge. Akainuka, akapita katikati ya watu waliokuwa wamekuja kumfukuza, akautoa ule mkono kwenye nguzo na kuushika kwa mikono yake miwili.

"Pole pole, yaya," akasema. "Hapa kuko ngazi."